Bok choy yangu inageuka maji kila nikiipika. Nakosea wapi?

#1 Kijiko_Kirefu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na wenye utani wao wavumilie kidogo mpaka nipate jibu.

Hii ni wiki ya tatu nanunua bok choy, zile fupi nene zenye bua jeupe na jani la kijani kilichokolea. Zikiwa mbichi zinavutia kweli. Nikishazibandika jikoni, kwisha habari. Jana nimekata zote vipande, nikakaanga kitunguu na nyanya mpaka vikaiva, nikamimina mboga juu yake, nikafunika, nikaenda kuoga. Narudi nakuta dimbwi. Majani yamelala kama tambara la kudekia, rangi imekuwa ya magwanda ya jeshi, mabua bado yanagoma kwenye meno, na chini kuna maji ya kujaza kikombe. Harufu ndiyo usiseme, ile ya kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa. Mwenzangu alikula kwa heshima. Mtoto akauliza kama hii ni supu ya majani.

Sitaki mapishi ya hotelini. Nina jiko la kawaida, kikaango kimoja, sufuria mbili na mwiko. Nipeni njia nyepesi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amechoka.

#2 Jirani_Mpya

Mboga ya dakika tatu ukaiacha ukaenda kuoga? Hahaha, pole ndugu.

#3 Sina_Haraka

Nimeweka mkeka hapa. Yangu huwa hivyohivyo, nikadhani ndivyo ilivyoumbwa.

#4 Moto_Wastani

Kijiko, makosa ni manne na yote umeyataja mwenyewe: umekata ukachanganya, umemimina juu ya nyanya, umefunika, umeondoka.

Bok choy ni mboga mbili zilizoshikana kitakoni. Bua ni nene, limejaa maji, linataka muda. Jani ni jembamba, likipigwa na moto tu limelala. Ukivitia kwa pamoja lazima mmoja aonewe, na siku zote anayeonewa ni jani. Halafu katika gramu 100 za mboga hii, kama 95 ni maji matupu. Lile dimbwi hukulimwaga wewe, lilikuwa ndani ya mboga. Ukiipa moto mdogo na kifuniko inayaachia taratibu, kisha inachemkia humohumo. Kwenye moto mkali bila kifuniko, maji yanayotoka yanapaa hapohapo.

Mimi nafanya hivi. Nakata kitako, naachanisha, naosha. Kisha nakausha. Nasema nakausha, siyo nachuja! Natandaza juu ya kitambaa safi, nafunika na kingine, nabonyeza. Ukiruka hatua hii usije kunilaumu. Nakata mabua vipande vya upana wa kidole, kwa mshazari, nayaweka bakuli lake. Majani nayachanachana kwa mkono, bakuli lingine.

Kikaango nakibandika kitupu kwenye moto mkali mpaka tone la maji likidondoka linarukaruka na kupotea. Hapo ndipo natia mafuta, vijiko viwili vya chakula. Mabua yanaingia kwanza na chumvi kidogo. Nageuza dakika moja na nusu, mbili yakiwa manene. Yakianza kung'aa na kingo kuonekana kama kioo, nasogeza pembeni, natia kitunguu saumu kilichokatwa pale katikati, nahesabu mpaka kumi, nachanganya. Majani sasa. Nageuza mara nne, mara tano, naepua yakiwa bado yanaonekana hayajaiva vizuri, maana yataendelea kuiva kwenye sahani. Ukingoja yaive ndani ya kikaango, mezani yatafika yamepitiliza.

Na sikiliza kikaango. Kikitatarika kwa sauti kavu, uko salama. Sauti ikishuka ikawa ya kutokota, maji yamekushinda: umejaza mno au moto ni mdogo. Toa nusu ya mboga, pika kwa awamu mbili.

#5 Fundi_Sufuria

Moto, nakuheshimu lakini unampa mtu aliyechoka kazi ya mpishi. Jiko la nyumbani halina moto wa kukaanga mafungu matatu ya mboga kwa pamoja, na huyu ana kikaango kimoja.

Kijiko, chemsha. Sufuria kubwa, maji mengi, kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita mbili, na mafuta kijiko kimoja cha chai ili majani yatoke yanang'aa. Maji yakichemka sawasawa, shika fungu kwa upande wa majani, zamisha mabua peke yake, hesabu sekunde 40. Achia majani nayo yazame, sekunde 30 nyingine. Toa. Chuja vizuri, kamua kwa upole kwa mgongo wa kijiko, panga kwenye sahani.

Kwenye kikaango kidogo pasha vijiko viwili vya mafuta na punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba. Zikianza kuwa za dhahabu, zimwage pamoja na mafuta yake juu ya mboga. Itapiga kelele, chwaaa! Nyunyiza kijiko kimoja cha sosi ya soya. Basi. Hakuna kukimbizana na mwiko.

#6 Moto_Wastani

Na vitamini C yote umeimwaga na maji.

#7 Fundi_Sufuria

Kwa sekunde 70? Kunywa hayo maji basi kama yanakuuma.

#8 Mlishe_Mstaafu

Naomba niingie kati kabla hamjarushiana sufuria. Nimefanya kazi ya lishe miaka mingi.

Vitamini C kweli huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na joto, kwa hiyo kukaanga haraka au kupika kwa mvuke huibakisha zaidi. Lakini sekunde sabini siyo nusu saa. Mboga mbichi ina kama miligramu 45 kwa gramu 100, na ukiichemsha upesi unabaki na sehemu nzuri tu. Anayepoteza kweli ni Kijiko, aliyeiacha jikoni akaenda kuoga.

Sifa ya bok choy ambayo watu hawaijui iko kwenye kalsiamu. Ina kama miligramu 105 kwa gramu 100, kidogo tu chini ya maziwa. Na mwili unaipokea. Spinachi ina kalsiamu tele kwenye makaratasi, lakini imeshikwa na oksaleti, kemikali ya asili ya mmea, kwa hiyo mwili huambulia kama asilimia 5 tu. Bok choy ina oksaleti kidogo sana, na zaidi ya nusu ya kalsiamu yake hufyonzwa. Kwa asiyetumia maziwa hili si jambo dogo.

Tahadhari mbili. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula mboga hii kila siku wala asiiache ghafla, kwa sababu ina vitamini K inayopingana na dawa. Azungumze na daktari wake, kisha ashike kiasi kilekile. Ya pili nitaieleza mtu akiuliza habari za kuila mbichi, maana najua atatokea.

#9 Mpenda_Saladi

Nimetokea. Mimi huila mbichi. Bua lake ni tamu, linalia kama tango, nalikata nyembamba kabisa, chumvi, siki, tone la mafuta ya ufuta. Kuna shida gani?

#10 Mlishe_Mstaafu

Sahani moja ya saladi haina shida, endelea. Nilichotaka kusema ni hiki: jamii yote ya kabichi ina viambato ambavyo, mboga ikitafunwa mbichi, kimeng'enya chake huvigeuza kuwa vitu vinavyoweza kuisumbua tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, vikizidi mno. Moto huua kile kimeng'enya. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mama wa miaka 88 aliyekuwa anakula kati ya kilo moja na kilo moja na nusu ya bok choy mbichi kila siku kwa miezi kadhaa, akiamini itamsaidia kisukari. Alifikishwa hospitali hali mbaya, tezi imezimika. Kilo moja na nusu, kila siku! Saladi yako ina gramu ngapi?

#11 Mpenda_Saladi

Labda themanini. Nimepumua.

#12 Mgeni_Jikoni

Samahani kwa swali la kitoto: hii ndiyo chainizi au ni mboga nyingine?

#13 Jembe_Dogo

Siyo la kitoto, majina ya mboga hii yanachanganya kila mtu. Jina chainizi limebeba mboga zaidi ya moja, kwa hiyo usitazame jina, tazama umbo. Bok choy haifungi kichwa kama kabichi. Majani yanasimama wazi, yamekusanyika chini kama kijiko juu ya kijiko. Aina moja ina bua jeupe pee na jani la kijani kizito. Nyingine bua lake ni la kijani hafifu, fupi, limebinuka kama kijiko cha supu, hiyo wengi huiita ya Shanghai. Ile ndefu yenye kichwa kilichojifunga, majani ya manjano yenye mikunjo, ni ndugu yake mwingine, na yeye hupikwa tofauti kidogo. Jina lenyewe limetoka Kikantoni, maana yake mboga nyeupe. Na msishangae nikisema ukoo wake ni mmoja na tanipu. Mmoja akafugwa kwa ajili ya mzizi, mwingine kwa ajili ya majani.

Sasa kwa kuwa nimeingia, nizungumzie kabla ya jikoni, maana hapa wote mnarukia kikaango. Mboga mbovu haipikiki. Bonyeza bua: liwe gumu, lisikunjike. Pinda jani moja la nje karibu na kitako, likitoa sauti ya kukatika, ni la leo au jana. Likipinda kama mpira, limekaa. Vitobo vidogovidogo kwenye jani visikutishe, wadudu wa jamii ya kabichi wanaipenda. Ukiona katikati kuna kishina kimechomoka na vichipukizi vya maua ya manjano, ujue imeanza kuzeeka. Inaliwa bado, maua nayo yanaliwa, ila bua la nje litakuwa na nyuzi na uchungu kidogo.

Kuosha. Udongo wa bok choy hauko juu, uko ndani, pale mabua yanapokutana kitakoni. Mboga inapokua inachota mchanga kama kikombe. Ukiisuuza chini ya bomba ikiwa nzima, umeosha mgongo tu. Ipasue katikati kwa urefu, au achanisha kabisa, tia kwenye beseni la maji ya baridi, tikisa, iache dakika tano mchanga utue. Halafu INYANYUE mboga kwa mikono utoe. Usimwage beseni lote kwenye chujio, utaurudisha mchanga palepale ulipotoka. Rudia mpaka chini ya beseni pasiwe na chembe. Mara nyingi ni mara mbili, baada ya mvua tatu.

#14 Sina_Haraka

Hapo kwenye kumwaga beseni kwenye chujio umenisema mimi. Miaka yote natafuna mchanga nikidhani ni chumvi haijayeyuka.

#15 MamaPacha

Mabwana mmemaliza? Nina watoto wawili wasiopenda kitu cha kijani, na wanakula bok choy. Nawapa yangu, ya uvivu kuliko zote.

Tafuta zile ndogo, urefu wa kiganja. Zipasue katikati kwa urefu, usikate kitako, maana kitako ndicho kinachozishika zisitawanyike. Osha, kausha hasa upande uliokatwa. Kikaango, mafuta kijiko kimoja na nusu, moto wa wastani kwenda juu. Zilaze upande uliokatwa ukiangalia chini. Kisha usiziguse. Najua mkono unawasha, lakini usiziguse! Dakika mbili mpaka tatu. Inua moja uchungulie: unataka rangi ya kahawia, madoa kama ya chapati. Ukishayaona, geuza, mwaga vijiko vitatu vya maji pembeni ya kikaango, funika dakika moja na nusu. Hapa kifuniko kinaruhusiwa, Moto, usije juu. Mvuke unaivisha bua, na upande wa kahawia umeshapata ladha yake. Funua, acha maji yaliyobaki yapae, nyunyiza chumvi na ufuta.

Ile rangi ya kahawia ndiyo siri. Bua likipata rangi linakuwa na utamu, karibu na wa kitunguu kilichokaangwa. Watoto wangu wanagombania vitako.

Na siku nikiwa na tambi zenye mchuzi, sipiki mboga peke yake hata kidogo. Mabua yanaingia kwenye mchuzi unaochemka dakika tatu kabla ya kuepua, majani nayaweka bakulini yakiwa mabichi, nayamwagia mchuzi wa moto juu. Yanaiva yenyewe njiani kuelekea mezani.

#16 Jirani_Mpya

MamaPacha, kwa maelezo haya nimeacha ninachofanya nikaenda kufungua friji. Nina vitatu. Vina majani mawili ya njano, bado vinafaa?

#17 MamaPacha

Toa ya njano, pika leo. Kesho yatakuwa manne.

#18 Jembe_Dogo

Na utazame umeviweka karibu na nini. Tufaha na ndizi mbivu hutoa gesi ya etilini, na mboga za majani hazipatani nayo, hugeuka njano haraka. Weka mbali. Usioshe kabla ya kuhifadhi. Funga kwenye kitambaa kikavu au karatasi, tia kwenye mfuko usiobana, droo ya chini ya friji. Siku tatu mpaka tano zitakaa vizuri.

#19 Kijiko_Kirefu

Wakuu nimerudi na ripoti. Jana nimejaribu ya Moto_Wastani. Nilikausha kwa haraka, kwa kweli nilitikisa tu. Mafuta yalikuwa yamepata moto, nikamimina mabua, yakarukia mpaka kwenye kioo cha dirisha. Nina alama ndogo mkononi. Nikaogopa, nikapunguza moto. Sauti ikashuka, ikawa ile ya kutokota. Nikakumbuka maneno yako, lakini nilikuwa nimechelewa.

Hata hivyo! Dimbwi lilikuwa robo ya lile la kwanza. Mabua yaliiva. Majani yalibaki ya kijani. Kitunguu saumu kiliungua kikawa chungu. Najipa alama tano kwa kumi.

#20 Moto_Wastani

Tano ni nyingi kwa mtu aliyetikisa tu, hahaha. Pole na mkono, upoze kwa maji ya bomba, siyo siagi. Ukiwa na shaka na ukavu wa mboga, osha saa mbili kabla uiache kwenye chujio, hewa ifanye kazi.

Kitunguu saumu: ulikitia mwanzo, siyo? Kikikatwa vipande vidogo, kwenye mafuta ya moto sana hakimalizi nusu dakika kabla hakijawa kichungu. Ama ukitie baada ya mabua kama nilivyosema, ama ukiponde punje nzima kwa ubapa wa kisu uitie kwenye mafuta yakiwa bado baridi, vipate moto pamoja, uitoe ikianza kubadilika rangi. Harufu inabaki kwenye mafuta. Tangawizi inavumilia zaidi, hiyo unaweza kuitanguliza.

#21 Mgeni_Jikoni

Nimesikia kwamba ukitia magadi au baking soda kidogo kwenye maji, mboga inabaki ya kijani. Kweli?

#22 Fundi_Sufuria

Kweli, na usifanye. Itakuwa ya kijani cha kung'aa kama plastiki, na ukiigusa inamomonyoka. Magadi yanavunja kile kinachoshikilia ukuta wa mboga, na yanaharibu vitamini juu yake.

Kijani kinapotea kwa sababu mbili, muda na uchachu. Mboga ikipata moto hutoa asidi zake kidogo. Ukifunika, mvuke unazirudisha chini, zinaila rangi. Ndiyo maana kwenye kuchemsha nasema maji mengi na sufuria wazi. Ndiyo maana pia nyanya za Kijiko zilimwangusha: nyanya ina asidi. Na ndimu je? Kamulia mezani, mlaji anapokaribia kula. Ukikamulia jikoni, dakika kumi baadaye mboga imeshakuwa ya magwanda.

Ile harufu nayo ni ya muda. Jamii ya kabichi ina salfa ndani yake, na kadiri unavyozidi kuipika ndivyo inavyozidi kunuka. Mboga ya dakika tatu hainuki.

#23 Asiye_na_Chumvi

Na sosi ya soya, mnazungumzia vijiko kama maji. Kijiko kimoja cha chakula kina kama miligramu 900 za sodiamu. Mimi nina presha. Nafanyaje?

#24 Mlishe_Mstaafu

Umefanya vyema kuuliza. Usiweke chumvi na soya kwa pamoja, chagua moja. Soya nusu kijiko cha chai kwa sahani nzima, izimue kwa kijiko cha maji ili isambae, utiaji uwe mwisho kabisa ili ulimi uikute juu ya mboga. Ladha iliyobaki itafute kwingine: tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, uyoga, ndimu, matone ya mafuta ya ufuta. Hayo ya ufuta uliokaangwa ni ya kunukisha, yatie ukishaepua, kwenye moto mkali yanakuwa machungu. Na kwa wasiotumia ngano: soya nyingi hutengenezwa kwa ngano ndani yake, soma chupa.

#25 Sina_Haraka

Kuna aliyejaribu oveni? Au mvuke?

#26 MamaPacha

Mvuke ni rahisi. Nusunusu ndogo, dakika nne hadi sita, kisu kikipenya kitakoni bila kusukuma, tayari. Sina la kuongeza.

Oveni nimejaribu mara tatu. Nyuzi 220, dakika nane mpaka kumi, nusunusu zimepakwa mafuta, zisigusane. Ncha za majani zinakuwa kavu zinavunjika kama krispi, wengine wanazipenda, mimi hapana. Naona ni kupoteza gesi kwa kitu ambacho kikaango kinakimaliza mapema.

#27 Mpenda_Saladi

Mimi nazipenda hizo ncha. Tatizo watu wanajaza trei, mboga inajipika kwa mvuke wake badala ya kuoka. Habari ya dimbwi ileile.

#28 Mgeni_Jikoni

Na nikitaka iwe na mchuzi mzito kidogo wa kulia wali? Maana hapa wote mnayakimbia maji.

#29 Fundi_Sufuria

Hatuyakimbii maji, tunayakimbia yasiyoalikwa. Pika mboga kwa njia yoyote uitoe kwenye kikaango. Humohumo mimina robo kikombe cha maji au supu, soya kijiko kimoja, sukari chembe, tangawizi iliyoparuzwa. Ikichemka, koroga kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi kwenye vijiko viwili vya maji BARIDI, mimina huku unakoroga. Nusu dakika, itakuwa nzito na kung'aa. Rudisha mboga, geuza mara mbili, epua. Wanga ukiutia kwenye maji ya moto moja kwa moja utapata madonge, na madonge hayo hayana dawa. Ukiwa na uyoga, ukaange kwanza mpaka utoe maji yake na yakauke, ndipo uuchanganye. Mayai ya kuvuruga nayo yanakwenda vizuri sana na majani, ila yapikwe peke yake kwanza.

#30 Jembe_Dogo

Kitako msitupe. Kiweke kwenye kisahani chenye maji kidogo, dirishani, badilisha maji kila siku. Siku chache tu katikati panachomoza majani mapya. Hutapata mboga ya kulisha nyumba, mara nyingi kinakimbilia kutoa maua, ila unapata majani ya kutia kwenye supu, na watoto wanapenda kuchungulia.

#31 Kijiko_Kirefu

Ripoti ya pili, na nadhani ya mwisho.

Jumamosi nimefanya ya MamaPacha. Nilizipasua, nikaziosha mara tatu kwenye beseni (Jembe_Dogo, mara ya kwanza chini kulikuwa na mchanga wa kutosha kupanda mche), nikazilaza juu ya taulo la jikoni kifudifudi nusu saa. Kikaango, mafuta, nikazipanga sita tu, nilitamani kubana ya saba nikajizuia. Sekunde ya thelathini mkono ukaanza kuwasha, nikaushika kwa mwingine. Dakika mbili na nusu nikainua moja: kahawia, yenye michirizi iliyofuata mabua kama vidole. Nikageuza, vijiko vitatu vya maji, kifuniko. Nilisimama hapohapo na saa mkononi. Nilipofunua, majani ni ya kijani kuliko yalivyokuwa mabichi. Chini ya kikaango hakuna maji. Hakuna!

Mtoto alikula vitako viwili, akaacha majani. Mwenzangu alikula majani yote akadai ndiyo sehemu nzuri. Wa kwanza akaona ameibiwa, wa pili akaona ameshinda. Safari ijayo napika kumi na mbili kwa awamu mbili.

Jana nikajaribu na ya Fundi, ile ya kuzamisha mabua kwanza. Ilikuwa siku ya uchovu hasa. Imefaa pia, ila kamua maji vizuri, mimi sikukamua ya kutosha, soya ikaelea. Moto, yako nitairudia alama ya mkono ikipotea.

#32 Moto_Wastani

Ikipotea kausha mboga.

#33 Jirani_Mpya

Swali moja tu limebaki. Siku hizi unaoga saa ngapi?

#34 Kijiko_Kirefu

Kabla ya kubandika.